Waya Uliokunjwa kwa Kiwiko

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeweka mwanga ndani ya jicho kabla ya kutuonyesha njia, na anayekijua kilichofichwa chini ya kiti, ndani ya mfuko na ndani ya kifua. Namshukuru kwa umri alionipa, na kwa ulimi ambao bado unaweza kusimulia, na kwa jambo alilolisitiri mpaka nikapata nguvu ya kulisema. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na masahaba zake.

Baada ya hayo. Mwezi uliopita mjukuu wa ndugu yangu, kijana aliyesomea umeme Nairobi, alikuja na wazo la kulifufua gari la marehemu baba yangu. Gari hilo limekaa uani kwetu hapa Garissa juu ya mawe manne tangu watoto wangu hawajazaliwa. Kuku wametaga ndani yake, mbuzi wamelala kivulini mwake, na korongo mmoja wa jalalani aliligeuza paa lake kuwa baraza. Kijana anasema magari ya zamani yanatafutwa sana siku hizi kwa harusi. Alitandika mkeka mbele ya gari, akapanga nyaya mpya juu yake, nene na nyembamba, nyekundu, nyeusi na kijani, kisha akaniita.

"Ayeeyo, njoo unichagulie za taa."

Ayeeyo kwetu ni bibi. Nilicheka, nikamwambia mimi najua nini kuhusu taa za gari. Akaingiza mkono nyuma ya dashibodi, akavuta waya wa zamani uliovishwa kitambaa cheusi, na kitambaa kikapasuka mkononi mwake. Harufu ikatoka: mpira uliokauka, vumbi la miaka, na kitu kama sukari iliyoungua. Nikakaa pale pale kwenye mkeka, juu ya nyaya zake.

Enyi wa rika langu, mnajua jinsi harufu isivyobisha hodi. Nilikuwa tena mtoto wa miaka minane au tisa, na kidole changu kilikuwa kinaungua.

Gari lile lilikuwa pikapu ndogo ya Kiingereza, yenye taa mbili za mviringo zilizotokeza juu ya matairi kama macho ya chura. Aabo, ndivyo tunavyomwita baba, aliipata kwa afisa mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Watu waliiita Rati, yaani ngamia dume wa mizigo, kwa sababu ilikuwa ikilalamika kabla ya kuinuka na ikishainuka haisimami. Aabo aliitumia kubeba maziwa, ngozi na wagonjwa kati ya mji na maboma ya wafugaji. Hakuwahi kuiendesha baada ya jua kuzama. Alikuwa akisema usiku Mungu ameuumba kwa ajili ya kupumzika, na ngamia naye anajua hivyo. Kwa hiyo taa zake zilipokufa, moja baada ya nyingine, hakuna aliyezililia.

Kisha zikaja zile nyakati. Mimi sikujua vita ni nini. Nilijua tu kwamba mtaa wetu ulizungushiwa ua wa miiba, na kwamba ua ule ulikuwa na lango moja lililofunguliwa asubuhi na kufungwa kabla ya magharibi. Nilijua kwamba watu wazima walianza kuzungumza kwa sentensi zisizofika mwisho. Na kwamba mtu mwenye gari aliitwa shifta, yaani mwasi wa porini anayevamia barabara na kukata nyaya za simu, mpaka athibitishe kwamba siye.

Mama yangu, Hooyo, hakuwepo. Alikuwa amekwenda Ijara kwa mama yake kujifungua, kama wanawake wengi wa kwetu walivyofanya. Aliondoka njia ikiwa bado wazi, akaniambia atarudi mtoto akitimiza arubaini. Njia ikafungwa nyuma yake. Hakuna gari lililoruhusiwa kwenda popote ila kwa msafara, askari mbele na askari nyuma.

Ijumaa moja, baada ya swala, dereva wa lori alimsubiri Aabo nje ya msikiti. Nilikuwa nimeshika kanzu ya Aabo, nikasikia yote. Hooyo alikuwa amejifungua salama mtoto wa kiume, lakini homa ilimshika siku ya tatu na haikumwachia. Hakuweza kukaa bila kuegemezwa.

"Mlete hospitali," alisema dereva. "Kule hakuna dawa. Usingoje habari nyingine ije, ndugu yangu."

Aabo alikwenda kituo cha polisi kuomba ruhusa, akaipata, kwa sharti. Msafara wa Ijara ungetoka Alhamisi asubuhi na kurudi Ijumaa jioni. Kila gari lingekaguliwa Jumatano alasiri. Kwa kuwa kurudi ni jioni, lazima taa mbili kubwa ziwake, na nyekundu ya nyuma, na tena iwepo taa ndogo ndani ya gari, kwa maana dereva akifika kizuizini alitakiwa azime zile kubwa na kuwasha ile ndogo ili nyuso zionekane. Gari lisilo na taa hizo haliendi.

Basi maisha ya mama yangu yakawa yananing'inia kwenye waya. Wakati ule sikuwa na maneno ya kulisema hivyo, lakini nililijua.

Jumatatu Aabo alinichukua kwa fundi Kombo, mtu wa pwani aliyekuwa na kibanda cha mabati nyuma ya soko. Kombo alikuwa mcheshi mpaka mahali pasipotakiwa ucheshi. Yeye alizungumza Kiswahili cha kwao, na Aabo alimjibu kwa Kiswahili chetu, kile cha kujifunzia sokoni, ambacho p hugeuka b.

"Fundi, mimi nataka taa mbili," alisema Aabo. "Moja habana. Askari akiona jicho moja atasema hii fisi."

"Mzee Gedi, hata fisi ana macho mawili."

"Basi bora fisi kuliko Rati yangu."

Kombo alitandaza gunia, akaweka nyaya juu yake. Wa kwanza ulikuwa waya wa dukani, nyuzi mbili zilizosokotana, zimevishwa kitambaa cha kahawia, za kufungia balbu za nyumba. Ulikuwa mpya, unang'aa, na mimi niliupenda mara moja. Aabo naye aliushika, akaupima kwa mikono, akasema huu unatosha gari zima.

"Unatosha urefu, unene hautoshi," Kombo akasema. "Taa kubwa ni mnywaji, mzee. Ukimpa mlevi mrija wa kifaranga atauvuta mpaka upasuke. Tazama."

Aliunganisha kipande chake kwenye betri na kwenye taa moja. Taa iliwaka, nikapiga makofi. Yeye hakufurahi. Alingoja, akisugua kidevu, kisha akaniambia, "Shika hapo, binti." Nilishika. Niliruka nyuma na kidole mdomoni, na harufu ya sukari iliyoungua ikajaa kibandani. Kombo alicheka, Aabo hakucheka.

"Hii mtoto si ya kubimia moto," alisema. "Na njia ya Ijara ni siku nzima."

"Ndiyo nakuonyesha. Huu utafaa taa ndogo ya ndani tu. Hiyo haina kiu."

Wa pili aliutoa kwenye mzoga wa lori uliokuwa nyuma ya kibanda. Mnene, mweusi, na ndani yake nyuzi nyingi nyembamba kama nywele. Lakini ngozi yake ya mpira ilikuwa imekauka kwa jua, ikidondoka kama magamba kila ulipoukunja. Kombo alisema shaba ya ndani ni nzima, tutaivika upya kwa vipande vya tyubu kuukuu. Aabo aliushika muda mrefu, akaukunja, akaukunjua. Alichagua huo. Waliupima kwa mikono iliyonyooshwa, pima baada ya pima, wakiufuatisha kutoka betri hadi taa ya kulia, kutoka betri hadi taa ya nyuma. Walipofika taa ya kushoto ulikuwa umekwisha. Zilipungua pima mbili.

Kombo, kwa tabia yake, akainua kidevu kuelekea barabarani, kwenye nguzo za simu.

"Waya mzito umejaa njiani, mzee. Shaba tupu, maili kwa maili. Shida ni mwenyewe tu, Serikali."

Aabo aligeuka kutazama kama kuna mtu mlangoni. Akashusha sauti.

"Astaghfirullah. Ile si yangu, si yako. Mimi nataka kuletea mama ya watoto dawa, si kuletea watoto kamba ya kunyonga mimi."

"Natania! Na hata ungeuchukua haufai. Ule ni uzi mmoja mgumu, gari likitikisika mara mbili unakatika. Tena uko uchi. Ukigusa bati tu, fyuzi kwaheri."

Hayo yote niliyasikia, na niliyaelewa. Kosa langu halikuwa la masikio. Nilimwona baba yangu, mtu aliyewahi kumfukuza simba kwenye zizi kwa kijinga cha moto, akitazama mlangoni na kushusha sauti. Nikasema moyoni: anaogopa. Na mtoto anajua kwamba watu wazima wakikiogopa kitu hukitafutia kasoro. Ayeeyo wangu akiogopa kumchinja mbuzi anayempenda husema nyama yake ni ngumu. Kwa hiyo uzi mmoja, uko uchi, fyuzi, yote niliyaweka kwenye kapu la nyama ngumu. Lililobaki kichwani lilikuwa moja: waya mzito upo, umejaa njiani.

Jioni ile tulikaa uani, Aabo na mimi, tukikata tyubu kwa mkasi wa kukatia ngozi na kuuvika waya ule mweusi, kipande juu ya kipande, kama mtu anavyofunga kidonda. Kesho yake tulilingoja lori la Nairobi ambalo mwenye duka alisema litaleta waya. Halikuja. Aabo alikwenda barabarani mara tatu kulitazama. Alipoinuka kwenye swala ya magharibi alikosea, akasimama kwa rakaa ya nne, na mtu nyuma yake akamkumbusha. Sikuwahi kumwona akikosea swala.

Jumatano asubuhi nilitoka na mbuzi. Karibu na barabara nguzo moja ilikuwa imelala, na waya umekatwakatwa, vipande vimetapakaa kwenye mchanga mwekundu. Hapakuwa na mtu. Nilidhani Mungu ameniangushia. Nawaambia kweli, nilisema Alhamdulillahi kwa sauti.

Nilichukua kipande kilichonitosha. Ulikuwa mgumu, ukiniuma viganja, lakini niliukunja kama nilivyofundishwa na Hooyo kukunja uzi wa kushonea mikeka. Wanawake wa kwetu husokota nyuzi za magome ya mti juu ya paja, kisha huzikunja kati ya kidole gumba na kiwiko, zikipishana katikati, na Hooyo alikuwa na mtindo wake: mwisho aliuzungusha kiunoni mwa kitita mara tatu na kuichomeka ncha kwa chini, ili isije ikamchoma mtoto. Nami nikazungusha mara tatu, nikachomeka ncha kwa chini. Kisha nikaufunga tumboni chini ya nguo. Langoni askari aliwapekua wachungaji wa kiume. Mimi alinipungia mkono nipite.

Sikumpa Aabo. Huko dugsi, chuoni kwetu, nilikuwa nimesoma kidogo, na kidogo ndicho kinachoangamiza. Nilifikiri dhambi ya kitu ni ya anayekiokota, na anayekitumia bila kujua hana lake. Nikasema, akiukuta hatajua umetoka wapi, atadhani Kombo kaleta, atautumia, Hooyo atakuja, na dhambi itabaki kwangu, mimi ni mdogo, haiandikwi. Aabo alipokwenda kuswali adhuhuri niliinua kiti cha dereva, nikauweka chini yake kando ya jeki. Nikaenda chuoni na ubao wangu wa kuandikia, nimejaa furaha kama aliyeficha zawadi ya Idi.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Nilipokuwa naimba aya na wenzangu, Kombo alikuja uani kwetu mbio na zana zake, akipiga kelele tangu langoni: "Honi, mzee! Honi!" Aling'oa waya wa honi, mnene, mzima, pima mbili na kitu, akaufunga kwenye taa ya kushoto. Gari bila honi, alisema, dereva atalia kwa mdomo wake. Taa ziliwaka. Zote. Majirani wanasema Aabo alisujudu hapo hapo kwenye vumbi la mafuta.

Kwa hiyo ule wangu haukuhitajika hata kidogo.

Tulipotoka chuoni, jirani yetu Mama Sahra, mwanamke aliyenilea kidogo mama yangu alipokuwa hayupo, aliniambia gari limekwenda kukaguliwa na taa zinawaka kama mwezi. Nilikimbia. Kiwanjani karibu na kizuizi magari sita yalikuwa yamepangwa, na watu wamesimama nyuma ya kamba. Nilijipenyeza kati ya miguu. Rati alikuwa wa tatu, macho yake yote mawili yanawaka mchana kweupe, na nilidhani nimeyawasha mimi.

Mkaguzi alikuwa afisa wa makamo, si mtu mbaya. Alizunguka gari, akagonga matairi, akatazama taa ya nyuma, akamwambia Aabo awashe ya ndani. Ikawaka.

"Honi?"

"Honi hakuna, afande. Lakini mimi nabiga kelele mwenyewe."

Watu walicheka. Hata afisa alicheka. Alitoa kalamu, akaweka karatasi juu ya boneti, na nakumbuka aliandika namba ya gari. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, kwa askari kijana aliyekuwa naye, "Angalia chini ya kiti." Kama mtu anavyosema funga mlango.

Askari aliinua kiti. Alipoinuka, mkononi alikuwa na waya wangu.

Sijui kama mmewahi kuisikia sauti ya watu wengi wakiacha kucheka kwa pamoja. Afisa aliuchukua, akaupima uzito, akatazama nguzo za simu, akamtazama Aabo.

"Hii ni nini?"

Aabo aliutazama ule waya. Aliutazama kama mtu aliyeletewa barua ya mkono anaoujua. Kisha akainua macho, akapita nyuso za watu moja moja, akanifikia. Hakunitazama kwa hasira. Ulikuwa mtazamo mfupi, laini, kama anavyokutazama mtu anayekupita njiani akiwa amebeba mzigo na hana mkono wa kukusalimia.

"Ni yangu," alisema.

"Umeutoa wapi?"

"Nimeokota."

Kombo alijitupa mbele. "Afande, waya huo haufai kwa gari! Hata mtoto anajua! Uko uchi, ni uzi mmoja, angeufungia nini? Mimi ndiye fundi, mimi—"

"Kombo," Aabo alisema, "nyamaza."

Nilifungua mdomo. Mungu ni shahidi, niliufungua. Nilikuwa na maneno yote tayari, ni mimi, ni mimi niliyeuweka, lakini yalidondoka kama ngozi ya ule waya wa lori. Mama Sahra alinivuta kwenye nguo zake akadhani nalia kwa hofu. Walimchukua Aabo wamemshika mikono yote miwili. Karatasi ilikunjwa ikatiwa mfukoni. Rati alisukumwa pembeni, kwenye ua wa kituo.

Hakuna aliyezima taa. Zilikuwa bado zinawaka. Nilisimama nikizitazama kupitia kwenye ua, na nilitaka kumwambia mtu, yeyote, kwamba zimeachwa, kwamba betri itakufa, kwamba kesho ni Alhamisi na zitahitajika. Hakuna aliyeinama kumsikiliza mtoto. Zilianza nyeupe. Zikawa za njano. Muadhini alipokaribia kuadhini magharibi zilikuwa nyekundu kama makaa mawili, kisha nikawa sijui kama bado naziona au nazikumbuka. Mama Sahra alinibeba nyumbani kabla lango halijafungwa.

Msafara ulikwenda Ijara Alhamisi bila sisi, ukarudi Ijumaa. Hooyo alifariki Jumapili. Habari ilitufikia kwa msafara uliofuata. Nilizihesabu siku kwa vidole: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Zilikuwa zinatosha.

Mtoto aliletwa na bibi yetu baadaye, juu ya lori la ngozi, akinyonya kitambaa kilicholowa maziwa ya mbuzi. Ndiye ndugu yangu. Aabo alirudi kutoka kifungoni baada ya Ramadhani mbili. Alikuwa amepungua, na mkono mmoja haukuinuka tena juu ya bega. Alimwona mwanawe kwa mara ya kwanza akiwa tayari anatembea, na mtoto akamkimbia. Hakuniuliza chochote. Mimi nami sikusema. Nilimwosha nguo, nikampikia chai, nikamtandikia mkeka wa kuswalia, na kila usiku nililala kana kwamba ule waya bado nimeufunga tumboni.

Miaka ikapita, amani ikarudi, nikafika umri wa kuposwa. Ndipo ilipokuja habari kwamba magari ya zamani yaliyoko kituoni yachukuliwe na wenyewe. Rati hakuwa na betri, na injini ilikuwa imeshikana. Aabo aliazima punda wanne wa kuteka maji, akawafunga mbele kwa kamba, akaniambia nikae ndani nishike usukani. Yeye alitembea kando ya dirisha, mkono wake mzima juu ya mlango, kama anayemsindikiza mgonjwa. Watoto walitufuata wakiimba kwamba ngamia anavutwa na punda. Mji mzima ulicheka, na Aabo naye alicheka.

Pale, nikiwa nimekaa juu ya kiti kile kile, sikuweza kuficha tena.

"Aabo," nilisema, "ule waya."

"Najua."

"Hujui ninachotaka kusema."

"Najua, aabo." Kwetu mzazi humwita mtoto kwa jina lile lile analoitwa na mtoto. "Nimejua tangu askari alipouinua."

Sikuweza kumtazama. Niliwatazama punda.

"Mafundi hukunja waya kwenye ngumi," alisema. "Hata watu wa simu. Ule ulikunjwa kwa kidole gumba na kiwiko, ukafungwa kiuno mara tatu, na ncha imechomekwa kwa chini ili isimchome mtoto. Nimeoa nyumba moja tu maisha yangu. Uzi uliokunjwa hivyo nilikuwa nikiuona kila siku mlangoni." Aliwahimiza punda. "Yule afisa alipoinua mkono, mimi nilimwona mama yako. Akaniuliza ni wa nani. Ningesema si wangu?"

Nililia mpaka barabara ikapotea. Nikamuuliza lile nililokuwa nalo tangu utotoni, kwamba Hooyo je, siku zilikuwa zinatosha, nimezihesabu.

"Siku ya mama yako haikuandikwa kwa waya," alisema. Kisha: "Shika usukani, aabo. Unatupeleka shimoni."

Nimefundisha Qur'ani watoto wa kike wa mtaa huu muda mrefu wa umri wangu. Najua jibu kuhusu kadari na majaliwa, ninawapa wengine kwa moyo safi, na ninaliamini. Lakini vidole havikusoma chuoni. Mpaka leo, msiba ukitokea na mtu akataja siku, vinahesabu vyenyewe chini ya buibui: Alhamisi, Ijumaa. Namshukuru Mola kwa hayo pia. Mja asiye na kinachomuuma husahau mlango wa kugonga.

Kijana alinisaidia kuinuka kwenye mkeka. Nilimwambia achukue ule mnene wa nyuzi nyingi kwa taa kubwa, na mwembamba aufunge kwenye taa ya ndani peke yake, kwa sababu taa kubwa ni mnywaji. Alinitazama kwa mshangao. "Ayeeyo, umesomea wapi?" Nikamwambia kwa mtu mmoja wa pwani, na ada nililipa kidole. Alifanya kazi mpaka alasiri. Mimi nilikaa karibu, nikikusanya mabaki ya nyaya zake na kuyakunja, na nilipotazama nikaona yote yamefungwa kiuno mara tatu.

Taa ziliwaka kabla jua halijashuka. Ndugu yangu, yule mtoto wa Ijara, mzee sasa mwenye ndevu za hina, alisimama mbele ya gari akiziba macho kwa mkono na kucheka. Yeye hajui habari ya waya. Atakapousoma ukurasa huu ndipo atakapojua, na ninamwomba radhi hapa mbele yenu.

Kijana alitaka kuziacha ziwake ili majirani waje waone. Nilimwomba aniache nizime mwenyewe. Alinionyesha kifungo. Nilikaa kwenye kiti kile, nikabonyeza kifungo, na zikazimika mara moja, zote mbili, zikiwa bado nyeupe.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akuwashie taa katika kaburi lako na katika nyumba yako, akusitirie ulichokificha ukiwa mdogo, na akujalie, siku utakapoulizwa mbele za watu, awepo anayekupenda wa kusema: ni wangu. Amin.